Saa kumi usiku nilibonyeza "Ndiyo, ni mimi"

Shikamoo Anti,

Mimi ni karani wa uhasibu kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tatu. Barua pepe zetu za kazi ziko kwenye Gmail ya ofisi. Mwezi uliopita kijana wa TEHAMA alikuja kutoka Dar, akatupanga foleni pale mapokezi, akachukua simu ya kila mmoja, akawasha uthibitishaji wa hatua mbili, akaturudishia. Tulikuwa watu kumi na mmoja na alimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sisi hatukuuliza na yeye hakueleza. Tangu siku hiyo nikiingia kwenye kompyuta, simu inaniuliza kama ni mimi, nabonyeza ndiyo, naendelea na kazi.

Sasa Anti, usiku wa kuamkia Alhamisi nilikuwa nimelala na mwanangu aliyekuwa na homa. Saa kumi kasoro simu ikawaka: kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, je, ni wewe? Nikabonyeza hapana. Ikawaka tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena na tena, nadhani mara saba au nane, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Nikasema moyoni labda ni TEHAMA wanarekebisha mitambo, maana huwa wanafanya hivyo usiku. Nikabonyeza "Ndiyo, ni mimi". Simu ikanyamaza, nikalala.

Asubuhi ndipo tumbo likaanza kunikata. Leo ni Jumapili, siku ya nne, na hakuna kilichotokea. Barua zangu zote zipo, hesabu za ofisi ziko sawa. Nakiri kwamba nenosiri langu ni lile lile ninalotumia Facebook tangu nikiwa chuo. Mkataba wangu unaisha Desemba. Je, niseme, au ninyamaze kwa kuwa hakuna hasara?

Kuna na mengine. Tuna akaunti ya pamoja ya uhasibu, ile ambayo wateja wanaitumia kuulizia ankara zao. Namba zake za uthibitisho zinakuja kwa meseji kwenye simu ya mzee wetu, mkuu wa idara. Akiwa safari Horohoro mpakani tunamsubiri, na akipata mtandao anaziweka kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ili anayewahi aingie. Mara nyingine zinafika muda wake umeshapita. Kijana wa TEHAMA alisema ipo programu inayotoa namba zenyewe kwenye simu, lakini wenzangu wamekataa kuiweka, wanasema bosi ataona picha na meseji zetu. Mwisho, simu yangu kioo kimepasuka na nataka kuipeleka kwa fundi. Ikinifia huko, kazini nitaingiaje?

Karani, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma Jumapili usiku na nikakujibu pale pale kwa mistari miwili, kwa sababu jambo lako halikuwa la kusubiri zamu ya safu hii: badilisha nenosiri sasa hivi kwa simu yako, na kesho kabla hujanywa chai mpigie kijana wa TEHAMA umweleze yote. Hapa naeleza kwa nini nilikuharakisha, na nayajibu yale mengine uliyouliza, kwa sababu najua ofisi nyingi zimepangwa foleni mapokezi kama yenu.

Umesema hakuna kilichotokea. Mwanangu, mtu aliyeingia kwenye barua pepe ya mhasibu hana sababu ya kupiga kelele. Anasoma. Anataka kujua nani anamlipa nani, mzigo wa nani unasubiri kutolewa bandarini, mkuu wako anaandikaje akiwa na haraka. Siku ankara ya kweli inapotoka, anaituma tena kutoka kwenye anwani yako mwenyewe, kwa maneno yako na nembo yenu, akiwa amebadilisha mstari mmoja tu, ule wa namba ya akaunti ya benki. Mteja analipa kwa moyo mweupe. Malalamiko ya utapeli wa aina hii yaliyofika FBI ya Marekani kwa mwaka 2023 peke yake yalikuwa ya hasara ya karibu dola bilioni 2.9. Ndiyo maana ukimya wa siku nne haunifariji hata kidogo.

Tuje kwenye kile kitufe. Kwetu mtu akifika mlangoni hupiga hodi, na aliye ndani huuliza "nani?" kabla ya kusema karibu. Hatua ya pili ndiyo huko kuuliza "nani?". Ukikaa wewe kwenye kompyuta ukaandika nenosiri, hodi ni yako, na simu iliyo mkononi mwako inathibitisha kuwa ni wewe. Simu ikiuliza wakati umelala, maana yake kuna mtu mwingine amesimama mlangoni, tena kwa kawaida huyo ana nenosiri lako tayari. Anayebahatisha nenosiri akakosea hafiki kwenye hatua ya kukutetemeshea simu. Kwa hiyo hata kama ungebonyeza "Hapana, si mimi" mara zote nane, asubuhi bado ungekuwa na kazi moja: kubadilisha nenosiri na kutoa taarifa. Hayo ndiyo maneno ambayo kijana wa TEHAMA alipaswa kuwaambia pale mapokezi, na mimi namlaumu yeye kabla sijakulaumu wewe. Kuwasha kinga kwenye simu za watu kumi na mmoja bila kuwaambia kinga hiyo inafanya nini ni kazi iliyoachwa katikati.

Wala usijione mshamba. Septemba 2022 mtu aliyepata nenosiri la mfanyakazi wa mkataba wa Uber alifanya hivi hivi: alijaribu kuingia tena na tena, maombi yakamiminika kwenye simu ya mfanyakazi yule, akayakataa, yakaendelea kuja, mwisho akalikubali moja. Aliyeingia akatembea ndani ya mifumo ya kampuni. Wanategemea uchovu. Wanachagua saa ambayo mwili unataka simu inyamaze tu, na wewe ulikuwa na mtoto mwenye homa ubavuni.

Sasa, kusema. Usiende na maelezo marefu ya kujitetea, wala usianze kwa kulia. TEHAMA wanahitaji saa na tukio. Mwandikie au mwambie hivi:

"Habari za asubuhi kaka. Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa kumi kasoro, simu yangu ilipokea maombi ya kuingia kwenye akaunti yangu ya kazi kama mara nane. Sikuwa mimi niliyekuwa naingia. La mwisho nililikubali kwa makosa. Nenosiri nimelibadilisha jana usiku. Naomba uangalie nani ameingia na ameacha nini."

Hayo maneno ya mwisho, "ameacha nini", yashike sana. Kubadilisha nenosiri kunafunga mlango, lakini mgeni aliyekaa siku nne ndani anaweza kuwa ameshajitengenezea dirisha. Kuna mambo ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyatazama mkiwa pamoja. Katika usalama wa akaunti, fungua orodha ya vifaa vilivyoingia, na chochote usichokijua kitolewe. Tazama orodha ya njia za hatua ya pili: je, kuna namba ya simu au programu ambayo si yako? Wengi wakishaingia huongeza simu yao, ili kesho na keshokutwa waulizwe wao badala yako. Kisha nenda kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya vichujio na sehemu ya usambazaji wa barua. Hapo ndipo ninapowakuta mara nyingi. Kichujio kimoja kidogo kinachosema kila barua yenye neno fulani ifutwe au isionekane kwenye kikasha cha barua zinazoingia kinatosha kukuficha majibu ya wateja wanaouliza "mbona mmebadilisha benki?". Wewe utaona barua zako zote zipo, kwa sababu zile zisizokuwepo hukuzijua.

Halafu wapigieni simu wateja wenye malipo ya karibuni. Nasema simu, kwa namba mliyo nayo kwenye faili siku zote. Msitumie barua pepe, wala namba iliyoandikwa chini ya barua ya wiki hii.

Kuhusu Desemba, siwezi kukuahidi kuwa meneja hatakasirika. Ninachokijua ni hiki: mfumo unaandika. Siku, saa, na kwamba ombi lilikubaliwa kutoka kwenye simu yako, vyote vinaweza kuonekana kwa msimamizi akivitafuta, na siku pesa ya mteja ikipotea atavitafuta. Siku hiyo swali halitakuwa kwa nini ulibonyeza, litakuwa kwa nini ulijua ukakaa kimya. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kusaidia watumiaji. Aliyekuja mwenyewe na saa ya tukio mkononi nimemtetea kwa mabosi kila mara. Aliyeficha, hata nikimwonea huruma, sikuwa na la kumsemea.

Na nenosiri la Facebook liache kabisa, kwa akaunti zote za kazi. Tovuti moja uliyojisajili zamani ikivuja, watu huchukua orodha yote na kuijaribu kwingine, na huenda wako walilipata kwa njia hiyo. Nenosiri jipya la kazi lisifanane na la kitu kingine chochote.

Sasa mzee wenu na lile grupu. Kila mtu mwenye simu hapa Tanzania ameshapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na kila mtu ameshaonywa asimtajie mtu namba ya siri ya pesa za simu. Namba ya uthibitisho ya kazini ni ya ukoo huo huo. Ukiiweka kwenye grupu umeigawa kwa kila simu iliyo humo, pamoja na ya yule aliyeacha kazi Machi na hakuna aliyemtoa, na ile ambayo mtoto anaichezea sebuleni. Ubaya zaidi ni mazoea. Ofisi iliyozoea kurushiana namba itampa namba hata tapeli, siku atakapoandika kwa jina na picha ya mzee: "Nitumieni ya sasa hivi, niko mpakani."

Meseji yenyewe nayo ina udhaifu wake. Inafuata laini, na laini inaweza kurudishwa kwenye kadi nyingine na mtu aliyemhadaa wakala au mfanyakazi wa kampuni ya simu. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa kwa kuchukuliwa namba yake ya simu namna hiyo. Hata hivyo msiizime kabla hamjaweka kitu bora zaidi. Meseji ni bora mara nyingi kuliko nenosiri peke yake.

Dawa ya akaunti yenu ya pamoja ni kwamba isiingiwe na watu watano kwa nenosiri moja. Gmail ya kazi ina njia ya kukasimu: msimamizi anairuhusu, kisha mzee anawataja wanaostahili, na kila mmoja anasoma na kujibu barua za uhasibu akiwa ndani ya akaunti yake mwenyewe, kwa hatua yake mwenyewe ya pili. Hakuna wa kumsubiri Horohoro. Na ikitokea barua mbaya imetumwa, ni rahisi zaidi kujua imepita kwa nani, jambo linalomlinda kila asiyehusika.

Namna ya kumfikishia mzee, usimsahihishe kwenye grupu mbele ya vijana. Mfuate ofisini, mwamkie, mwambie: "Mzee, naona tunakusumbua sana na hizi namba ukiwa safarini. TEHAMA wanasema ipo njia ya sisi kufanya kazi bila kukupigia. Unaweza kuwaruhusu?" Ni kweli tupu, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Ile programu ya namba ambayo wenzako wameikataa naitetea kwa nguvu zote, maana kwa kazi za mpakani na bandarini haina mpinzani. Siku ya kuiweka, kompyuta inaonyesha mchoro wa QR na wewe unaupiga picha kwa programu. Ndani ya mchoro ule kuna siri ndefu ambayo sasa iko sehemu mbili tu, kwenye simu yako na kwenye mtambo wa akaunti. Kuanzia hapo kila upande unachukua siri ile, unaichanganya na saa ya wakati huo kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2011, na unapata tarakimu sita. Kwa kawaida zinabadilika kila sekunde 30. Pande zote mbili zinapata jibu moja bila kuzungumza. Ndiyo maana haihitaji bando, mtandao, wala hata laini. Zima kila kitu uingie katikati ya bahari, namba zitaendelea kutoka. Inachohitaji ni saa sahihi. Mtu akirudisha saa ya simu yake nyuma kwa mkono, namba zinakataliwa na yeye anailaumu programu. Weka saa ijipange yenyewe.

Je, bosi anaona picha? Programu hiyo haimpi. Itaomba ruhusa ya kamera kwa ajili ya ule mchoro, basi. Lakini wenzako hawakukosea kuuliza, kwa sababu kipo kitu kingine kinachofanana nayo kwa mbali: ofisi ikikutaka uweke wasifu wa kazi au programu ya kusimamia simu, hapo kweli inapata mamlaka fulani, kama kudai simu iwe na namba ya kuifunga au kufuta akaunti ya kazi kutoka mbali. Ikifika hapo ombeni maelezo kwa maandishi: wanaona nini, wanaweza kufuta nini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuuliza taarifa zenu zinachukuliwa kwa ajili gani si utovu wa nidhamu.

Simu yako isiende kwa fundi kesho. Kwanza ingia kwenye usalama wa akaunti utengeneze namba za akiba. Google inakupa 10, kila moja inatumika mara moja tu. Zichapishe au zinakili kwa kalamu, uziweke nyumbani pamoja na vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Usizipige picha zikabaki kwenye simu hiyo hiyo unayohofia itakufa, na usizibandike kwenye kioo cha kompyuta ofisini. Pili, muulize TEHAMA kama unaweza kuandikisha na simu nyingine unayoiamini. Tatu, fundi akikuambia "niachie na patani, dada, nitaijaribu", mwambie utakuja kuifungua mwenyewe. Kubadilisha kioo hakuhitaji afungue barua zako. Na meseji zisionekane maandishi yake wakati simu imefungwa, maana namba inayosomeka juu ya kioo kilichofungwa ni ya yeyote aliye karibu na meza. Siku utakaponunua simu mpya, hamishia kwanza hatua ya pili huko, hakikisha umeweza kuingia, ndipo ufute ya zamani. Watu niliowaona wakilia mbele ya dawati langu wengi walianza kwa kufuta.

Jambo la mwisho ni la kumpelekea mkuu wako akitulia. Namba za tarakimu sita nazo zinaweza kuibwa, ukiziandika kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa kweli. Kipo kifaa kidogo kama flashi, ufunguo wa usalama, unachomeka kwenye kompyuta na kukigusa, na chenyewe kinakagua anwani ya tovuti kabla ya kujibu. Mwaka 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya Marekani ya huduma za mtandao, walinaswa na meseji ya kitapeli wakaandika manenosiri yao kwenye ukurasa bandia. Waliotuma hawakufika popote, kwa sababu kila mfanyakazi pale hutumia ufunguo wa namna hiyo, na ufunguo haukuitambua anwani ile. Sisemi mnunuliwe wote kumi na mmoja. Wanaogusa malipo tu, na kila mmoja awe na wa pili wa akiba kabatini.

Jumatatu alasiri uliniandikia tena. TEHAMA wamekuta simu moja isiyo yako kwenye orodha, na kichujio kilichowekwa Alhamisi asubuhi, kinachotupa kwenye taka kila barua yenye neno "invoice". Mmeanza kuwapigia wateja mmoja mmoja, mmefika wa tisa, na meneja bado hajakuita. Akikuita, nenda na karatasi yenye saa na tarehe zote kama ulivyozikumbuka, umkabidhi kabla hajauliza, kisha uniandikie amesemaje. Na homa ya mtoto, hukuniambia imeishaje.